Ilhan Omar alianza kama mkalimani wa babu yake

Ndugu yangu, umeuliza kama mtu asiye na jina anaweza kufika bunge la jimbo huko Marekani. Anaweza! Mtazame Ilhan Omar, aliyeishi utotoni kwenye kambi ya wakimbizi ya Utange, hapo Mombasa. Akiwa na miaka 14 huko Minneapolis, mji wa jimbo la Minnesota, alikuwa akienda na babu yake kwenye mikutano ya chama cha Democratic mtaani, akimtafsiria. Kwangu mimi, siasa alijifunzia pale. Baadaye akafundisha watu lishe bora, na mwaka 2013 akasimamia kampeni ya diwani. Agosti 2016 akambwaga kwenye mchujo wa chama Phyllis Kahn, aliyekaa kwenye bunge hilo la jimbo miaka 44. Novemba akachaguliwa Minnesota, mbunge wa jimbo wa kwanza Marekani mwenye asili ya Kisomali.