Futa hizo njia mbili za /1 leo, mkuu

Mkuu, futa hizo njia mbili kwenye ruta yako kabla hujalala. Umesema lodge yako hapo Moshi inatumia faiba, modemu ya laini ya simu ni akiba, na fundi amekuandikia 0.0.0.0/1 na 128.0.0.0/1 kwenda kwenye modemu, umbali 200 (namba ya kipaumbele, ndogo ndiyo hutangulia), "ili zikae nyuma". Hazikai nyuma hata dakika moja!

Ruta ikipokea pakiti haianzi na umbali. Inaangalia anuani inakokwenda, halafu kati ya njia zote zinazoifunika anuani hiyo inachukua iliyobana zaidi, yaani yenye namba kubwa baada ya mkwaju. Umbali unaulizwa pale tu njia mbili zinapogombea eneo lile lile. Njia ya faiba yako ni /0, yaani anuani zote. Hizo mbili ni /1, kila moja nusu ya anuani zote, na kwa pamoja zinafunika intaneti nzima. Hata uzipe umbali 250, zinashinda.

Yametukuta sisi huku Njiro, ofisi ya safari, fundi mwenye maneno hayo hayo. Faiba inalipiwa, taa zinawaka kijani, hakuna kinachopita humo. Kamera, kompyuta za bukingi, simu za wageni, vyote vinanyonya bando. Likiisha tunanunua jingine. Fundi akiitwa anajibu, "Mtandao unasumbua, ongezeni bando." Aliyegundua ni dada wa mapokezi: alipima spidi, ukurasa ukamwonyesha jina la kampuni ya simu badala ya la faiba. Hela iliyokwenda hapo inaniuma mpaka leo. Mtu analipwa kwa kazi asiyoijua, kisha anakulaumu wewe kwa matumizi!

Na kanuni hii haichagui mkubwa. Tarehe 24 Februari 2008 Pakistan Telecom ilitangaza 208.65.153.0/24, yaani iliziambia ruta kuwa anuani hizo zipitie kwake, ili kuizuia YouTube nchini mwao, tangazo likavuja nje. YouTube yenyewe ilikuwa ikitangaza 208.65.152.0/22. Ruta za dunia zikaifuata /24, YouTube ikapotea karibu saa mbili. YouTube walijibu kwa kutangaza /24 yao, kisha /25 mbili, zilizobana zaidi.

Kwa hiyo andika 0.0.0.0/0 ya faiba umbali 1, na 0.0.0.0/0 ya modemu umbali 10. Zote /0, narudia, zote /0! Ndipo umbali utafanya kazi. Halafu chomoa waya wa faiba fundi akiwa amesimama hapo, uone intaneti inahamia kwenye modemu; urudishe, uone inarudi. Isiporudi, usimlipe.