Uvimbe Mgumu Kwenye Paji la Uso: Je, Ni Saratani?

SWALI: Daktari, shikamoo. Nina umri wa miaka 41. Kwa muda mrefu nimekuwa na uvimbe mgumu kwenye paji la uso. Hauumi, ila tangu mwaka jana umeongezeka hadi mtandio hauufichi tena. Majibu ya kipimo cha CT yanasema huenda ni hemanjioma ya mfupa wa fuvu. Ndugu zangu wanataka nikapasuliwe upesi kwenye zahanati ya jirani. Je, ni saratani?
Msomaji, Morogoro

JIBU: Marahaba, dada. Hemanjioma si saratani. Ni mishipa midogo ya damu iliyozaliana ndani ya mfupa, na haisambai kwenda viungo vingine. Kwenye fuvu hutokea kwa nadra, na huwapata zaidi wanawake wa umri wa makamo.

Hata hivyo, nakusihi sana usipasuliwe zahanati. Uvimbe wa mafuta huteleza ukiusukuma kwa kidole, ilhali wako hausogei kwa sababu ni mfupa wenyewe uliotutumka, na anayeuchana kwa kudhani ni mafuta anaweza kukutana na damu asiyoweza kuizuia.

Mfupa wa fuvu una matabaka mawili magumu, na katikati yake tabaka lenye vitundu, ambamo hemanjioma huanzia. Kwenye picha ya CT, vijiti vyembamba vya mfupa huonekana vikitawanyika mithili ya miale ya jua. Osteoma, uvimbe mwingine wa mfupa ambao nao si saratani, huonekana nyeupe na iliyoshikamana. Aliyesoma picha zako ameacha nafasi ya shaka, na amefanya vyema, kwa kuwa saratani iliyotoka kwenye titi au figo ikafika kwenye fuvu yaweza kufanana na hemanjioma. Ndiyo maana daktari atakupima mwili mzima, na pengine ataagiza MRI (kipimo cha picha kinachotumia sumaku) ili kuona kama tabaka la ndani limetoboka.

Uvimbe mdogo usiosumbua huachwa na kufuatiliwa kwa picha. Wako unakua, hivyo yaelekea utashauriwa uondolewe. Daktari bingwa wa upasuaji wa ubongo hukata kwenye mfupa wenye afya unaouzunguka, akautoa kama ulivyo bila kuupasua, na hivyo damu haimwagiki nyingi. Pengo huzibwa kwa bamba la titani au saruji ya mifupa, na uvimbe hupelekwa maabara kuthibitishwa. Ukitolewa wote, ni nadra kurudi.

Omba rufaa kwenda hospitali yenye bingwa huyo, kama Taasisi ya Mifupa Muhimbili (MOI), na ubebe picha zenyewe, si karatasi ya majibu pekee. Ukipatwa na maumivu makali ya kichwa, kutapika au uoni hafifu, nenda hospitali siku hiyo hiyo.