Fundi Anajibu: Plagi, Adapta na Umeme wa Safarini

Barua nyingi za mwezi huu zimetoka kwa watu wanaofunga mizigo ya kwenda mbugani, na karibu zote zinauliza jambo moja kwa maneno tofauti: nikichomeka, kitaungua? Nimechagua nne.

*Fundi wetu, shikamoo. Mimi ni Mtanzania ninayeishi Houston, Marekani, na mwezi wa saba ninakuja na watoto wangu wawili kuwatembeza Serengeti kwa mara ya kwanza. Nilipokuja miaka mitatu iliyopita nilinunua adapta, nikachomeka hotelini draya ya nywele niliyotoka nayo Marekani. Ilinguruma kama lori linalopanda mlima, ikatoa moshi, ikafa, na adapta ikabaki nzima. Kosa langu lilikuwa nini, na safari hii nibebe nini?*
*Mama wa Wawili, Houston*

Marahaba, mwanangu. Adapta yako haikuwa na kosa, kwa kuwa kazi yake ni kuziwezesha pini mbili bapa za plagi ya Kimarekani kuingia katika soketi yetu. Umeme wenyewe inaupitisha kama ulivyo. Nyumba za Marekani hupata volti 120, na hapa Tanzania ni volti 230. Draya ya wati 1,500 iliyotengenezwa kwa volti 120 ikipewa 230, koili yake huvuta mkondo karibu maradufu, na kwa kuwa volti nazo zimekaribia kuwa maradufu, joto linalotoka hufikia wati 5,500 hivi. Ule mngurumo ulikuwa wa mota ya feni iliyokuwa ikizunguka kwa kasi isiyo yake.

Kwa hiyo, kabla hujafunga sanduku, geuza kila kifaa na usome maandishi madogo yaliyo karibu na neno INPUT. Tumia tochi ya simu, kwa sababu watengenezaji wengine huyaandika kwa kijivu juu ya kijivu. Ukikuta 100-240V 50/60Hz, kifaa hicho kitafanya kazi hapa bila matatizo na kinachohitaji ni adapta tu. Ukikuta 120V peke yake, kiache nyumbani. Chaja za simu, kompyuta na kamera karibu zote ni za kundi la kwanza, ilhali vifaa vya kutoa joto, yaani draya, pasi ya nywele na birika la umeme, vingi ni vya kundi la pili. Zipo draya za safari zenye swichi ndogo ya kuchagua volti, inayogeuzwa kwa sarafu. Ukiwa nayo, igeuze kabla ya kuchomeka. Sikushauri kabisa kubeba transfoma ya kushusha volti, kwa maana inayoweza kumudu wati 1,500 ina uzito wa kilo kadhaa, na ndege ndogo zinazotua Seronera, katikati ya Serengeti, kwa kawaida haziruhusu zaidi ya kilo 15 za mizigo, tena katika begi laini.

Hata hivyo, hata ukipata draya ya volti 230, kambi nyingi za mahema zitakukataza kuitumia, na wala si kwa ukali wa wenyeji. Huko porini nguzo za gridi hazifiki. Umeme unatoka kwenye sola, unahifadhiwa katika betri na kugeuzwa na inveta, yaani kifaa kinachoufanya umeme wa betri uwe kama wa ukutani, na jenereta husaidia kwa saa chache. Chukua mfano wa kambi yenye mahema kumi na inveta ya wati 5,000: wageni watatu wakiwasha kwa pamoja draya za wati 1,800, inveta imeshazidiwa, nayo itajizima na kuwaachia giza wote, pamoja na mpishi aliyekuwa akiandaa chakula cha jioni. Chaja ya kawaida ya simu, kwa upande mwingine, haifiki hata wati 30, ndiyo maana kambi hizo hukuruhusu kuchaji hemani au kwenye meza moja kubwa karibu na mapokezi. Ukienda na watoto wenye tableti, chajini mchana jua likiwaka.

Kuhusu adapta, tafuta ya pini tatu bapa, aina ileile inayotumika Uingereza, kwa kuwa ndiyo utakayoikuta katika hoteli na kambi nyingi, ingawa majengo ya zamani bado yana soketi za matundu matatu ya mviringo. Usinunue ya bei ya kutupwa. Niliwahi kufungua moja kwa bisibisi, nikakuta ndani vipande vya bati vyembamba kama kifuniko cha kopo la maziwa. Fyuzi haikuwamo, na pini ya ethi, ile ndefu ya usalama, haikuunganishwa na kitu chochote, ilikuwa pambo.

Ukibeba pawabenki, iwe katika begi la mkononi na si katika sanduku linaloingia tumboni mwa ndege. Kikomo kinachoruhusiwa bila kuomba idhini ya shirika la ndege ni wati-saa 100, yaani kipimo cha umeme unaoweza kuhifadhiwa ndani yake. Kama kwenye ganda imeandikwa mAh 20,000 peke yake, zidisha 20,000 kwa volti 3.7 kisha ugawe kwa 1,000. Utapata 74, nawe utapita salama.

*Habari za kazi, fundi. Tunatoka Kigali kwa gari, tunapita Rusumo hadi Mwanza, kisha tutaingia Serengeti kupitia lango la Ndabaka. Chaja zetu zina pini mbili za mviringo. Rafiki yangu wa Mwanza anasema tusinunue adapta, eti kalamu inatosha. Ni kweli?*
*Msomaji, Kigali*

Nimecheka, maana hata mimi nilikua nikiona kalamu, kijiti cha kiberiti na hata mpini wa mswaki vikifanya kazi hiyo. Soketi ya pini tatu ina vizibo vya plastiki vinavyofunga matundu mawili ya chini. Pini ndefu ya ethi ndiyo huvifungua, na kalamu ikisukumwa katika tundu la juu hujifanya pini hiyo, pini zako mbili za mviringo zikapata njia. Umeme wa Rwanda na wa Tanzania ni uleule wa volti 230, kwa hiyo chaja yako haitaungua kwa sababu ya volti.

Tatizo liko kwenye mguso. Matundu yale yalitengenezwa kwa pini bapa, na pini ya mviringo hugusa shaba upande mmoja tu, ikilegea, ikitoa cheche na kupata joto; ukisikia mlio wa kutatarika ukutani, ndiyo hiyo. Zaidi ya hayo, plagi halisi ya pini tatu huwa na fyuzi yake ndani, na ya kwenu haina, kwa hiyo waya mwembamba wa chaja ukipiga shoti unategemea sakiti breka ya ukutani, ambayo haikuwekwa kwa ajili ya waya mwembamba kiasi hicho. Kalamu yenye klipu ya chuma ndiyo mbaya kuliko zote, hasa akiishika mtoto. Nunueni adapta mbili Mwanza na mumwachie rafiki yako kalamu yake.

*Assalaam alaykum. Tunaishi Muscat na mwezi wa nane tunakwenda Masai Mara pamoja na baba yetu, ambaye hulala na mashine ya kumsaidia kupumua usingizini. Kambi imetuarifu kwamba jenereta huzimwa saa nne usiku. Tununue adapta gani, na mzee atalalaje?*
*Familia ya Muscat*

Waalaykum salaam. Adapta msinunue: Oman na Kenya zote hutumia plagi ya pini tatu bapa, na stima ya Kenya ni volti 240 kama umeme wenu.

La mzee ndilo la kushughulikia mapema. Waandikieni wenye kambi leo, mkiwaomba betri ya volti 12 itakayokaa hemani usiku, kisha tafuteni kwa muuzaji wa mashine waya wake maalumu wa kuiunganisha na betri ya aina hiyo, kwa kuwa kila modeli ina wake. Muulizeni daktari kama mzee anaweza kulala bila kifaa cha kupasha maji na unyevu, maana hicho ndicho kinachokula umeme mwingi. Kikizimwa, tuseme mashine inatumia wati 40: kwa saa nane ni wati-saa 320, na betri hiyo ya volti 12 ikiwa ya ampea-saa 100 ina wati-saa 1,200, hivyo hata mkitumia nusu yake tu mtabakiwa na akiba. Ijaribuni nyumbani usiku mmoja kabla ya safari, mzee akiwa kitandani kwake.

*Kaka fundi, mimi ni dereva wa watalii, Arusha. Nimenunua inveta ya wati 300 nikaichomeka kwenye tundu la kiberiti cha sigara katika Land Cruiser. Wageni wakichomeka laptopu mbili na chaja za kamera, fyuzi inakatika. Nimetoa fyuzi ya ampea 15 nikaweka ya 30 na sasa haikatiki tena. Nimefanya vema?*
*Dereva, Arusha*

Hapana, ndugu yangu. Fyuzi ile ilikuwa ikiulinda waya uliopita nyuma ya dashibodi, na sasa kitakachokatika kwanza ni waya wenyewe, kwa moto. Hesabu yake ni hii: laptopu mbili za wati 65 na chaja nne za kamera za wati 15 ni wati 190, ukigawa kwa volti 12 unapata karibu ampea 16, na inveta hupoteza kiasi kwa joto, kwa hiyo betri inatoa kama 18. Tundu la kiberiti halikuundwa kwa mzigo huo.

Mpelekee fundi wa umeme wa magari avute waya mnene kutoka kwenye betri moja kwa moja hadi kwenye inveta, na aweke fyuzi ya ampea 40 karibu kabisa na betri. Simu na kamera zinazokubali waya wa USB zichajie kwenye chaja ya gari bila kupitia inveta. Mkizima injini kwenye kivuko cha mto Mara kusubiri nyumbu, zima na inveta, kwa sababu wanaweza kukaa ukingoni saa tatu bila kuvuka, na wageni hawaruhusiwi kushuka kukusaidia kusukuma gari. Ile fyuzi ya 15 irudishe leo, kabla hujawapakia wa kesho.