JIBU: Maparachichi yangu ya Rungwe yamekataliwa kwa klorpirifosi miligramu 0.04 kwa kilo, na dawa inauzwa dukani

Ndugu mkulima, uchungu wako ni wa haki. Klorpirifosi ni dawa ya kuua wadudu. Dukani wanaangalia usajili wa hapa Tanzania. Mzigo unapimwa kwa sheria ya unakokwenda, yaani Ulaya.

Kikomo cha masalia, yaani kiasi cha juu cha dawa kinachoruhusiwa kubaki kwenye tunda, hakitokani na sumu peke yake. Kwanza hufanyika majaribio shambani kwa kipimo cha lebo, yaonekane masalia yanayobaki siku ya kuvuna. Kisha hulinganishwa na kiasi ambacho mtu anaweza kula kila siku bila madhara. Kwa klorpirifosi, wataalamu wa Ulaya walishindwa kukitaja kiasi hicho. Mwaka 2020 idhini yake ikaisha, kikomo kikawekwa miligramu 0.01 kwa kilo, sawa na gramu 1 kwenye tani 100 za matunda. Kusubiri siku nyingi kabla ya kuvuna hakutakuokoa. Iache kabisa.

Kagua pia bomba la kunyunyizia (hasa la kuazima) na shamba la jirani upande upepo unakotoka. Kikomo kidogo namna hii huvukwa hata na dawa iliyopeperushwa. Omba kwa mnunuzi orodha ya dawa zinazokubalika, uitunze na daftari la unyunyizaji.

Kabla ya mavuno yajayo, peleka sampuli maabara yenye ithibati: matunda yasiyopungua 10, jumla angalau kilo 1, kutoka miti tofauti. Usiyamenye, ganda hupimwa pia.

Kuhusu dawa mbadala, muone afisa ugani au TPHPA (mamlaka ya afya ya mimea na viuatilifu Tanzania) kabla hujanunua.