Mauzo yamepanda, mbona pesa haionekani?

SWALI: Nina duka la vifaa vya umeme, huu ni mwaka wa tatu. Mauzo yamekuwa mara mbili ya mwaka jana na kwenye daftari faida ipo, lakini kila mwisho wa mwezi nakopa ili nimlipe msambazaji. Nafikiria kufungua tawi la pili ili niongeze mzunguko. Nishauri.

JIBU: Ndugu, tawi liweke kando kwanza. Inawezekana kabisa daftari lako halidanganyi: faida huandikwa siku unayouza, ila pesa huingia siku unayolipwa. Katikati ya siku hizo mbili ndipo unapokopa.

Chukua kalamu. Tuseme bidhaa hukaa kwenye rafu siku 40 kabla ya kununuliwa, mteja wa mkopo hulipa baada ya siku 30, na msambazaji anadai chake ndani ya siku 20. 40 jumlisha 30 toa 20: mtaji wako uko nje kwa siku 50. Kama bidhaa unazouza kwa siku zimekugharimu 1,000, basi 50,000 zimefungwa humo muda wote. Sasa mauzo yakawa mara mbili. Zinazofungwa ni 100,000. Hizo 50,000 za nyongeza zimetoka wapi? Kama unaweka faida ya asilimia 25 juu ya bei ya kununulia, sasa unapata 500 kwa siku, kwa hiyo zimemeza faida ya siku 100 nzima, kabla hujalipa pango wala msaidizi. Ndiyo maana unakopa huku biashara inakua. Tawi la pili litafungua shimo la pili.

Dawa ni kupunguza siku. Anza na rafu. Kila boksi linaloingia liandikwe tarehe kwa kalamu nzito, upande unaoonekana. Nilipokuwa na duka langu, kabla ya kazi hii ya uhasibu, nilifanya hivyo nikakuta boksi la swichi lililonisindikiza zaidi ya mwaka. Nilikuwa nalipangusa vumbi kila wiki nikijiona nina mali.

Kisha madeni, na hapa tatizo si hesabu bali ni kuona haya. Wenye maduka wengi wanaona kudai ni kumfukuza mteja, kumbe anayekwepa kukulipa tayari anapitia duka jingine asikutane nawe. Taja tarehe ya kulipa siku unayomkopesha, mbele yake, na uiandike. Mpigie siku moja kabla. Ukingoja ichelewe, mtaongea kwa hasira.

Jihadhari tu na kumpunguzia bei ili alipe haraka. Kitu ulichokinunua 80 ukakiuza 100, punguzo la asilimia 10 linakuachia faida ya 10 badala ya 20. Umetoa nusu ya faida, si sehemu ya kumi.

Kwa msambazaji, omba siku 30. Mlipaji mzuri husikilizwa, nawe umekuwa ukimlipa hata kwa pesa ya kukopa.

Sasa rudia hesabu: rafu siku 30, wadaiwa 15, msambazaji 30. Mtaji unakaa nje siku 15 tu. Kwa 2,000 kwa siku, hizo ni 30,000 badala ya 100,000. Zile 70,000 zilizobaki zinarudi mkononi mwako, na hizo huhitaji kuzikopa.

Hujanieleza kama unajilipa mshahara au unachota tu kwenye droo. Kama ni droo, jipangie kiasi kimoja cha mwezi, maana hesabu zote za hapo juu hazishindani na mkono wa mwenye duka.

Ukimaliza miezi mitatu mfululizo ukimlipa msambazaji bila mkopo, niandikie tena kuhusu tawi, na uniambie boksi la zamani kuliko yote lina tarehe gani.