Tokeni za vita vya Marekani: anza na mji mmoja

Mtu akiniuliza aanzie wapi kukusanya tokeni za Vita vya Wenyewe kwa Wenyewe vya Marekani, yaani vipande vya shaba vilivyotumika badala ya senti, namwambia achague mji mmoja na kufuata maduka yake. Kufuata mwaka hakumfikishi mbali, maana nyingi zimeandikwa 1863.

Mwaka 1862 watu walificha dhahabu, wakaficha fedha, mwishowe hata senti. Wauza nyama na vinyozi wakakosa chenji. Wengine wakalipana kwa stempu, ambazo hunata vidoleni. Ndipo wenye maduka wakagongesha vipande vyao vya shaba, vyenye upana wa senti, kama milimita 19, na jina la duka juu yake. Mimi nilichagua Cincinnati kwa sababu mafundi wake waliwagongea hata wenye maduka wa miji midogo ya mbali.

Ukipata kipande, usikimbilie bei. Shika kioo cha kukuzia. Kwenye baadhi utaona shada la majani na maneno ONE CENT kwa herufi kubwa, na juu yake NOT ndogo sana, ili mwenye duka asishtakiwe kughushi sarafu. Mteja mwenye haraka angeiona saa ngapi?

Na si wenye maduka wote waliokuwa waungwana. Gustavus Lindenmueller, mwenye baa New York, alitoa tokeni zaidi ya milioni moja. Kampuni ya Third Avenue Railroad ilizipokea kama nauli, ikampelekea azilipe, akakataa katakata. Mwaka 1864 Bunge lilipiga marufuku sarafu za watu binafsi. Zake bado zimejaa sokoni, kwa hiyo usiuziwe moja kwa bei ya kitu adimu.

Muulize muuzaji namba ya Fuld, yaani namba ya tokeni katika katalogi ya Fuld, kabla ya kupatana. Ikianza na OH165 ni Cincinnati, ikianza na NY630 ni jiji la New York, na herufi ya mwisho ni madini: a ni shaba nyekundu, b ni shaba ya manjano. Mhuri uleule kwenye madini mengine unaweza kuwa adimu mara nyingi zaidi. Asiyeijua namba anakisia tu, nawe utalipia kisio lake.

Ndimu na majivu viachie sufuria. Shaba iliyosuguliwa ikang'aa imepoteza thamani, na rangi yake ya kahawia hairudi. Vifuko laini vya plastiki ya PVC navyo viepuke: baada ya muda hutoa utando wa kijani unaokula shaba.