Kila Jumatatu naanza upya, nimechoka

*Shangazi, nina miaka 34 na kilo 92. Tangu nijifungue mtoto wa pili nanenepa tu. Kila Jumatatu naanza dayati: asubuhi chai ya rangi, mchana tango na maji. Usiku watoto wakilala naagiza chipsi mayai na soda, nakula jikoni taa nimezima. Wifi yangu ananiita tipwatipwa mbele za watu; nacheka nao, kisha naenda kulia chooni. Sare ya sendofu ya mdogo wangu iko kabatini, nasubiri nipungue ndiyo niipeleke kwa fundi. Natumia sindano ya miezi mitatu. Najichukia. Nitapata wapi moyo wa kupungua?*
*Mama Wawili, Mbagala*

Mama Wawili, hiyo sare ipeleke kwa fundi wiki hii. Akupime mwili ulio nao leo, na aache kitambaa cha kutosha ndani ya mishono, ukipungua, atabana. Naanza na nguo kwa makusudi. Umejiwekea sharti kwamba utajiheshimu ukishapungua, na mpaka siku hiyo ifike unaishi kama mtu aliye kifungoni.

Hata hiyo dayati yako ni adhabu. Mwanao akinenepa, utamshindisha na tango? Kufika saa mbili usiku mwili una njaa ya kutwa nzima, ndiyo maana chipsi zinakushinda. Wewe unaita uroho. Unajitukana, unaona wiki imeshaharibika, na kwa kuwa imeharibika unamalizia na maandazi ya watoto. Jumatatu ijayo unaongeza ukali, na usiku njaa inakuwa kubwa zaidi. Moyo unaoutafuta hautatoka kwenye matusi. Umejitukana vya kutosha na bado umeniandikia.

Kwa hiyo asubuhi kula: yai na kiazi kitamu, kwa mfano. Mchana ugali wa kiasi cha ngumi yako, maharage, na mchicha mwingi usioogelea mafuta. Usiku kula mezani na watoto, taa ikiwaka. Ukizitamani chipsi Jumamosi, zile kwenye sahani, umekaa, kesho yake endelea na chakula chako cha kawaida. Soda ndiyo ningeianza kuiacha, maana chupa ya mililita 350 ina karibu vijiko 9 vya chai vya sukari. Tembea nusu saa siku tano za wiki, hata kwa kushuka daladala kabla ya kituo chako. Zile chai za kukata tumbo za mitandaoni, nyingine ni majani ya kuharisha tu.

Mzani upande mara moja kwa wiki, asubuhi. Maji na chumvi vinaweza kukuongezea kilo nzima kwa siku moja, usije ukajihukumu kwa hilo. Nusu kilo hadi kilo moja kwa wiki ni mwendo mzuri. Zikitoka kilo 5 tu, wifi huenda asizione, lakini presha na sukari ya damu huanza kunufaika.

Wifi naye mwambie mkiwa wawili: “Wifi yangu, hilo jina silipendi, usiniite tena.” Kisha acha kucheka anapolitamka. Najua mawifi wana utani wao, lakini huu unakuliza. Akirudia, mumeo aongee na dada yake. Hiyo ni kazi yake.

Sindano umeitaja juu juu tu, nami nisingeipuuza. Baadhi ya wanawake huongezeka uzito wakiitumia. Usiiache kimyakimya ukabeba mimba usiyoipanga. Rudi kliniki, uliza njia nyingine, na ukiwa hapo pima presha na sukari. Kama utakula vizuri mchana na bado usiku unakula kwa kificho, unashindwa kuacha, mweleze mhudumu hilo pia bila kuona haya. Linatibika.

Shangazi